Mzigo Usioingia Sandukuni

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana ya mithali hii huonekana wazi siku kijana anapoondoka kwenda kusoma katika chuo kikuu cha ng'ambo. Sisi tunaosimama kando ya njia twaliona sanduku lake tu, nasi twadhani ndio mzigo wote. Lakini tukitazama habari za wale waliotutangulia, twaona kwamba uzito mkubwa wa safari haumo sandukuni. Basi yatupasa kuzijua habari hizo, sisi wa Lalago na vijiji vya Maswa, kwa maana siku hizi watoto wetu nao wanaitwa kwenda mbali.

Hapo kale safari ilikuwa ya meli. Katika miaka ya baada ya 1880 kijana mmoja wa Kiyao, jina lake Cecil Majaliwa, aliyeokolewa katika utumwa na kulelewa Unguja na wamisionari wa UMCA, alipelekwa kusoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino, huko Canterbury, Uingereza. Aliporudi alifanya kazi Chitangali, upande wa kusini mwa nchi yetu, na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hilo. Kadhalika mwaka 1927 Mbiyu Koinange, mwana wa chifu wa Kiambu katika Kenya, alikwenda Marekani. Alisoma Hampton, kisha Ohio, kisha Columbia katika mji wa New York. Hakurudi kufanya kazi kwao hata mwaka 1938. Fikirini, wasomaji, ni miaka 11! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuondoka kwake alikuwa amekwisha kuwa mchungaji wa ng'ombe. Lakini alipofika hakuketi bure. Mwaka 1939 akawa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu Githunguri, nacho kikaendelea mpaka serikali ya wakoloni ilipokifunga mwaka 1952.

Sasa tumtazame Mwalimu Julius Nyerere, jirani yetu wa Butiama. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alifariki mwaka 1942. Julius alisoma Makerere tangu 1943 hata 1945, kisha akafundisha katika shule ya St Mary's, Tabora. Mwezi wa Aprili 1949 aliruka kwa ndege hata Southampton, akaenda London, na kutoka huko akapanda gari la moshi mpaka Edinburgh, mji mkuu wa Uskochi. Ada yake ililipwa kwa fedha za serikali ya Uingereza zilizowekwa kwa maendeleo ya makoloni.

Je, alikuwa na mzigo gani? Nguo twajua zilimpasa, maana Edinburgh si Lalago. Kwetu mchana na usiku hulingana karibu sawasawa mwaka mzima. Huko katika mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa mbili na dakika 40 asubuhi, na saa tisa na dakika 40 alasiri limekwisha kutua. Mchana wote ni wa saa saba tu, tena wa baridi na mvua nyembamba. Koti zito lilikuwa la lazima. Lakini koti hununuliwa dukani. Nyuma yake alikuwako mama yake mjane, walikuwako nduguze, na alikuwako mchumba wake, Maria Gabriel, mwalimu kama yeye. Mtu wa namna hiyo akiacha kazi ya mshahara kwenda kukaa darasani miaka mitatu, nani atawatazama watu wake? Hilo ndilo swali la mzigo usioingia sandukuni, na kila mwanafunzi wa Kiafrika hulikuta mlangoni kabla hajafika kwenye ndege.

Tena hata baada ya kufika, hakuingizwa mara moja katika masomo ya shahada. Ilimpasa kwanza kusoma na kushinda mtihani, wa Kiingereza nao, na mwezi wa Oktoba 1949 ndipo akakubaliwa. Alipata shahada yake mwaka 1952, akarudi mwaka ule ule. Mwezi wa Januari 1953 alimwoa Maria, aliyekuwa amemngojea, akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikaundwa naye akiwa rais wake. Ni dhahiri kwamba alipokuwa katika baridi ile hakusahau alikotoka.

Habari ya nne ni ya kwetu zaidi. Paul Bomani aliwahi kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, mahali ambapo watu wa Lalago hawahitaji kuelekezwa. Baadaye alifanya kazi katika ushirika Mwanza. Wakati ule wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika sana kwamba mizani ya wanunuzi haisemi kweli. Mtu alileta pamba ya jasho la mwaka mzima, akarudi na fedha zisizolingana na mzigo aliouleta. Bomani alizunguka vijijini kuwakusanya wakulima wajiunge. Kisha, mwaka 1953, akaenda Uingereza kusoma habari za ushirika katika chuo cha Loughborough. Hakukaa sana, akarudi mwaka 1954, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa shirika moja kubwa la vyama vya ushirika vya Viktoria, ambalo baadaye lilihesabiwa miongoni mwa makubwa ya Afrika.

Angalieni hapa jambo moja. Bomani hakwenda kutafuta swali huko ng'ambo. Swali alikwenda nalo, nalo lilikuwa ni swali la mizani. Kwa sababu alijua anachokitafuta, muda mfupi ulimtosha. Anayeondoka bila swali huenda akakaa miaka mingi na kurudi na cheti kizuri, lakini asijue akitumie wapi.

Mwisho tuwakumbuke wale wa mwaka 1959. Mwezi wa Septemba mwaka ule ndege moja iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Mwaka 1960 walikwenda wengi zaidi, na miongoni mwao walikuwamo wa Tanganyika pia. Wazazi na majirani walichanga fedha, kila mtu kwa uwezo wake. Katika kundi la 1960 alikuwamo msichana wa miaka 20, Wangari, aliyekuja kuitwa Wangari Maathai. Kutoka New York alisafiri kwa basi hata mji mdogo wa Atchison, Kansas, akasoma elimu ya viumbe. Alirudi Kenya mwaka 1966, na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Amani ya Nobel. Waliochanga shilingi zao miaka ile waliona matunda waliyokuwa hawakuyatazamia.

Basi tujifunze nini? Tangu meli ya Majaliwa hata ndege za leo, sanduku limezidi kupungua. Siku hizi mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 tu kwa sanduku moja. Lakini ule mzigo mwingine haukupungua hata kidogo. Kwa hiyo, mtoto wa Lalago akipata barua ya kuitwa, wazazi wasianze kwa kununua sanduku. Na waketi kwanza kama jamaa, wao na mtoto. Na wasemezane wazi: ng'ombe wangapi watauzwa, na wangapi watabaki wa kukokota plau? Nani atashika shamba la pamba? Wadogo zake watalipiwa shule na nani? Deni likiwapo, litalipwa lini? Mambo haya yakifichwa, kijana atayasikia kwa simu usiku, akiwa peke yake katika baridi, wala hataweza kusoma.

Kisha na waulize swali la Bomani: waenda kutafuta nini, kwa faida ya nani? Baada ya hayo ndipo nguo zifungwe. Vyeti na barua za chuo asivitie katika sanduku kubwa, bali avichukue mkononi, maana sanduku laweza kupotea njiani. Nguo za baridi chache zatosha kufika nazo. Nyingine atazipata huko, nazo zitafaa zaidi kwa hali ya nchi ile.

Nasi tunaobaki tusidhani kwamba kazi yetu imekwisha gari linapoondoka kwenda Mwanza. Mama mjane akisaidiwa kupalilia, na wadogo wakifika shuleni kila siku, sehemu kubwa ya mzigo wa yule aliye mbali imekwisha kutuliwa. Ndivyo kijiji kinavyosoma chuo kikuu pamoja na mtoto wake.