Samaki Watokao Katika Vumbi

Msafiri afikaye Merti wakati wa kiangazi huiona nchi ambayo hapana mtu angeitafutia samaki. Udongo umepasuka, majani yamekauka, na mifugo huandama njia za vumbi kwenda mtoni au visimani. Mto wenyewe, Ewaso Ng'iro, hupata maji yake katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, nao hupungua kadiri unavyokwenda mashariki, hata ukaishia katika kinamasi cha Lorian. Wasafiri William Astor Chanler na Ludwig von Höhnel waliufuata mto huo katika safari yao iliyoanza mwaka 1892 wakitumaini kuliona ziwa; walilolikuta ni kinamasi.

Lakini zikinyesha mvua za masika, ambazo Waborana huziita Ganna, au za vuli, waziitazo Hagaya, mabonde ya uwanda hujaa maji. Majuma machache yakipita, katika baadhi ya madimbwi hayo huonekana samaki wadogo, urefu wao kama wa kidole. Wametoka wapi? Swali hili niliulizwa darasani na mwanafunzi aliyekulia katika kuchunga mbuzi. Nilimjibu upesi kwamba mafuriko ya mto yamewaleta. Akasema kwa adabu, "Mwalimu, mto haufiki huko." Nilinyamaza. Jibu langu lilikuwa la haraka kuliko la kweli, na insha hii ni deni ninalolilipa.

Swali hilo ni la kale. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Aristotle, mwanachuoni wa Uyunani, aliandika habari za bwawa moja karibu na mji wa Knido. Bwawa hilo lilikauka kabisa wakati wa joto kali, na mvua za kwanza ziliponyesha likaonekana kundi la samaki wadogo. Aristotle alihukumu kwamba wako samaki wazaliwao na matope yenyewe, bila baba wala mama. Rai hiyo ilidumu karibu miaka elfu mbili. Mwaka 1668 Francesco Redi, tabibu wa Italia, aliweka nyama katika vyombo, vingine wazi na vingine vimefunikwa kwa kitambaa. Funza walizaliwa katika nyama iliyofikiwa na nzi tu. Katika karne ya 19 Louis Pasteur wa Ufaransa alithibitisha kwamba hata vijidudu visivyoonekana kwa macho havizuki vyenyewe. Basi, ikiwa kila kiumbe kina wazazi, wazazi wa samaki wa vumbi wako wapi?

Jibu lilikusanywa kidogo kidogo, na sehemu yake kubwa imetoka Afrika. Mwaka 1844 Wilhelm Peters, Mjerumani aliyesafiri Msumbiji, alieleza samaki mmoja wa aina hii, na mwaka 1868 akaupa ukoo wake jina la Nothobranchius. Mwenziwe wa Unguja, aliyekusanywa na Franz Stuhlmann mnamo 1888 na 1889, alipewa jina na Georg Pfeffer mwaka 1893. Mwaka 1952 George Myers wa Marekani aliwaita samaki wenye maisha ya namna hii "samaki wa mwaka", kama tunavyosema mimea ya msimu. Hatimaye, mwaka 1992, Wildekamp na Haas walimtaja Nothobranchius bojiensis, ambaye jina lake limetoka katika uwanda wa Boji, katika nchi hii ya Ewaso Ng'iro.

Siri yao ni yai. Dume, mwenye rangi za kung'aa, humwandama jike wa kijivu mpaka chini ya maji. Hapo wote wawili hutetemeka, na yai moja huzikwa katika tope. Tendo hili hurudiwa tena na tena, siku baada ya siku. Dimbwi likikauka, wazazi wote hufa. Yai hubaki katika udongo mweusi, likilindwa na ganda gumu, na kiinitete kilichomo husimamisha ukuaji wake. John Wourms alieleza mwaka 1972 kwamba kusimama huko huweza kutokea katika hatua tatu. Mvua inyeshapo, wengine huanguliwa na wengine huendelea kungoja. Hivyo, ikiwa mvua ni ya uongo na dimbwi likakauka mapema, kizazi hakikomi. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Aanguliwaye hana wasaa. Wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba jamaa yao wa Msumbiji huweza kukomaa kwa siku 14 tu. Madume hugombana vikali, kama samaki wapiganaji wa Siamu, nchi iitwayo leo Thailand. Lakini wale wa Siamu hushinda upungufu wa hewa majini kwa kuja juu kuvuta pumzi, na baba hulinda mayai katika kiota cha mapovu. Samaki wetu hawana nafasi ya kulea. Mlezi wa watoto wao ni ardhi.

Kwa sababu hiyo, atakaye kuwahifadhi hana budi kuihifadhi ardhi wakati ionekanapo haina kitu. Akichimba na kuondoa udongo wa bondeni wakati wa kiangazi, ameondoa kizazi kizima bila kumwona samaki hata mmoja. Akiligeuza dimbwi kuwa bwawa la kudumu na kutia samaki wakubwa, hao watawala wadogo, na mayai yatakosa ukavu yanaouhitaji.

Ndugu mwanafunzi, mchungaji aliyelitazama dimbwi kwa macho yake alikuwa karibu na kweli kuliko mwalimu aliyejibu bila kutazama. Aristotle naye alisikia habari ya kweli, akakosea katika kuifasiri. Uyaheshimu unayoyaona, kisha uulize sababu yake. Na siku utakapopita Boji katika jua kali, kumbuka kwamba huenda chini ya nyayo zako wako samaki wanaongoja mvua.