Jinsi ya Kupanga Folda za Programu Kubwa kwa Kutumia Maven

Ukiingia kwenye kihamba cha Mchaga, iwe Machame au Marangu, unakuta mpangilio: miti mirefu juu, chini yake migomba, halafu kahawa, na chini kabisa magimbi au maharage. Ukishaelewa kimoja, hata cha jirani hupotei. Programu kubwa ya kompyuta nayo inataka hivyo hivyo. Kama unajifunza Java, uwe Moshi au kwingine, soma hii.

Moduli ni nini?

Ni kipande cha programu chenye kazi yake, kinachokaa kwenye folda yake. Maven ndiyo inayopita kwenye folda hizo, inatafsiri msimbo, inaujaribu, kisha inatoa faili la kutumika.

Folda ambazo Maven inazitegemea

• src/main/java: msimbo wenyewe
• src/main/resources: mipangilio na maneno anayoyaona mtumiaji
• src/test/java: majaribio
• target: matokeo. Usiandike kitu humu, amri ya mvn clean inafuta yote
• pom.xml: faili linaloeleza moduli inategemea nini

Ukifuata mpangilio huu, huna haja ya kuielekeza Maven kila kitu kiko wapi.

Mfano: OpenMRS

Huu ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma.

Moduli ya kawaida ya OpenMRS ina folda mbili. Ya api inabeba kazi zenyewe na mawasiliano na hifadhidata. Ya omod inabeba kurasa na faili la config.xml, na ndiyo inayotoa faili la .omod linalowekwa kwenye mfumo. Omod inategemea api, lakini api haiitegemei omod. Ukizifanya zitegemeane, Maven inagoma kujenga.

Kwa nini ujali?

Anayerekebisha muonekano wa ukurasa anabaki kwenye omod, hagusi msimbo unaohifadhi taarifa za mgonjwa. Na jaribio likifeli kwenye api, Maven inasimama palepale, faili jipya la .omod halitoki. Kosa linabaki kwenye kompyuta yako, halifiki kliniki.

Makosa matatu ya kuepuka

1. Kutengeneza folda mpya ya moduli bila kuiandika kwenye sehemu ya modules ya pom.xml kuu. Maven haitaijenga.
2. Kuweka majaribio ndani ya src/main. Yataingia kwenye programu anayopewa mtumiaji.
3. Kulipa jaribio jina lolote tu. Liishie na Test, mfano MgonjwaTest, la sivyo linaweza kurukwa kimya kimya na ukadhani mambo ni safi.

Kuhusu bando

Mara ya kwanza Maven inapakua vitu vingi na kuviweka kwenye folda ya .m2, kwa hiyo anza ukiwa kwenye Wi-Fi. Baada ya hapo, kama hujaongeza maktaba mpya, tumia mvn -o install. Hiyo -o inaiambia Maven ifanye kazi bila intaneti.