Mitambo ya Michezo Yagombea Mlango wa Nyumba

Kule Japani na Marekani palitokea vita isiyo na bunduki: ni mtambo gani utakaoshika mlango wa nyumba, yaani kuingiza humo barua, sinema na habari za dunia kwa njia ya intaneti? Kompyuta ilidai kazi hiyo. Lakini mtambo wa michezo ulikuwa na kiti bora, karibu na televisheni, mahali jamaa wote wanapokaa jioni.

Wajapani walianza mapema. Mtambo wa Nintendo wa mwaka 1983 uliitwa kompyuta ya jamaa. Mwaka 1988 uliongezewa modemu, ili baba aweze kununua hisa za makampuni kwa waya wa simu. Modemu hiyo haikuenea. Mwaka 1998 Sega ikatoa Dreamcast, modemu ikiwa tayari ndani yake. Mwaka 2001 ikaacha kuitengeneza.

Mwaka 2000 ikaja PlayStation 2 ya Sony, yenye kuonyesha pia sinema za DVD. Hapo Microsoft, waliotajirika kwa programu za kompyuta, wakaingiwa na hofu: kama watu wakipata yote penye televisheni, nani atahitaji kompyuta nyumbani? Basi Novemba 2001 wakatoa Xbox, yenye diski ya kutunzia mambo na tundu la waya wa mtandao. Ajabu gani hii! Mwenye shamba amejipandia mwenyewe mti wa kushindana na mihogo yake, kusudi jirani asimtangulie.

Nasi wa Kongo hatukuwa mbali. Mitambo hiyo, sawa na simu na kompyuta, hutumia tantali, inayotoka katika koltani. Mwaka 2000 bei yake ilipanda mno. Huko Kivu, vita ikiendelea, vijana waliacha mashamba wakaenda kuchimba, hata ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, na wenye silaha wakajipatia feza. Mwaka 2001 bei ikaanguka, mashimo yakabaki. Kuna waliosema kosa lote ni la PlayStation 2. Si haki, maana wanunuzi wa tantali walikuwa wengi.

Mwaka 2013 Microsoft walijaribu tena kwa Xbox One, wakitaka hata vipindi vya televisheni vipitie humo. Bei ilikuwa dola 499, na PlayStation 4 dola 399. Wengi wakachagua ya Sony, wapate kucheza tu. Na wakati huo televisheni zenyewe zilikwisha anza kuingia intaneti bila kuomba msaada wa mtambo wowote.