Misitu ya jadi ya Upare

Misitu ya jadi ya Upare ni vipande vya msitu wa asili vilivyotunzwa na koo katika milima ya wilaya za Same na Mwanga, Tanzania. Msitu uitwao mpungi ni mahali pa matambiko ya ukoo. Ule uitwao mshitu ni mahali vijana walipofundwa.

Kukata hata kijiti katika misitu hii kulikuwa mwiko. Aliyekaidi, wazee waliamini, angeugua au kufa, na imani hiyo ilitosha kuilinda bila askari wala uzio. Nje ya msitu ni mahindi na migomba. Ukivuka mpaka, kivuli kizito na majani yanayooza.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969, alionyesha kuwa mshitu ulikuwa pia nyenzo ya utawala huko Ugweno, kaskazini mwa Upare. Dini mpya na uhaba wa mashamba vimeimega misitu mingi.