Mto Pangani: Nani Apange, Nani Alipe

Mto Pangani hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe na Hale, hata kuingia baharini Pangani mjini. Katika miaka ya 1930 kampuni ya kibepari ilijenga kituo cha umeme kwenye maporomoko yake, kwa manufaa ya Tanga na mashamba ya mkonge. Mkulima wa Uchagga, ambaye babu zake walichimba mifongo kwa jasho lao, hakushirikishwa.

Baada ya Uhuru vilikuja kituo cha Hale na bwawa la Nyumba ya Mungu. Sheria Na. 42 ya 1974 ikatamka kuwa maji yote ni mali ya Jamhuri. Tamko sahihi, lakini halikuwa na chombo. Marekebisho ya 1981 yaliweka utaratibu wa mabonde. Ofisi ya kwanza, ya Bonde la Pangani, ilianza 1991. Miaka kumi, ndugu! Tena ilianza wakati Ufini, Norwei na Uswidi zikigharimia kituo kipya cha megawati 68, kilichokamilika 1995 na kilichohitaji maji mengi.

Ndipo mwenye mfongo alipodaiwa ada. Aliuliza alipie nini, naye hakuona serikali ikichimba. Huo si ukaidi: aliitwa kulipa kabla ya kuitwa kupanga. Sheria ya 2009 imezitambua jumuiya za watumiaji maji, na hilo ni hatua. Lakini mkulima wa minazi mdomoni mwa mto, ambako maji yakipungua chumvi hupanda, naye anahitaji kiti kikaoni.