Mabawa ya Kirkbride: hospitali za akili ambazo watu sasa wanaziita nyumbani

Katika mji wa Traverse City, jimboni Michigan, lipo jengo la matofali ya rangi ya malai lenye urefu unaokaribia mita 400. Ghorofa za chini zina maduka, mikahawa na ofisi. Juu yake watu wamenunua fleti, wakaweka makochi na majiko, wakalea watoto. Hadi mwaka 1989 hapo palikuwa hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili.

Kwa wengi, hospitali kongwe ya akili ni mahali pa kutisha, na sinema zimeikuza picha hiyo kwa bidii. Lakini wapo wapenzi wa majengo wanaotamani kuhamia humo, na wengine wanaotamani nyumba mpya kabisa iliyochorwa kwa ramani ileile. Tamaa hiyo haipaswi kuchekwa. Mtu aliyeasisi ramani hiyo alikusudia tangu mwanzo wagonjwa wajione wako kwenye nyumba njema, si gerezani.

Mtu huyo ni Daktari Thomas Story Kirkbride, aliyezaliwa mwaka 1809 na kulelewa katika dhehebu la Quaker, lile ambalo waumini wake wa Marekani walianzisha misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Enzi za ujana wake, Wamarekani wengi wenye maradhi ya akili walifungiwa jela, kwenye nyumba za mafukara, au kwenye vyumba vya chini visivyo na moto wala dirisha. Mwalimu Dorothea Dix alizunguka akiyashuhudia hayo na kuwashinikiza wabunge wa majimbo wajenge hospitali. Dix alikuwa na hoja. Kirkbride, aliyesimamia hospitali ya akili ya Philadelphia tangu mwaka 1841, alikuwa na ramani. Juhudi zao zilikutana Trenton, New Jersey, ambako hospitali ya kwanza ya mtindo huo ilifunguliwa mwaka 1848.

Mwaka 1854 Kirkbride alitoa kitabu kilichoeleza kila kitu, kuanzia mabomba hadi ngazi. Jengo la katikati lilikuwa la utawala, na humo alitaka daktari mkuu aishi na familia yake. Kutoka hapo mabawa yalitandaa pande mbili, wanaume huku na wanawake kule. Kila bawa lilirudishwa nyuma kidogo ya lile lililotangulia, hivi kwamba ukilitazama jengo kutoka juu unaona popo aliyekunjua mbawa.

Ufundi wote uko katika kule kurudi nyuma. Korido ndefu iliyonyooka hupata mwanga mwishoni tu, na katikati yake hubaki giza na hewa nzito. Bawa linapositishwa na kusogezwa, korido yake hupata madirisha kwenye ncha zote mbili, upepo ukapita. Kirkbride alitaka dari ya juu, isiyopungua futi 12, na shamba la ekari 100 au zaidi lenye bustani za kutembelea. Hata fremu za madirisha zilikuwa za chuma kilichopakwa rangi kifanane na mbao, ili kizuizi kiwepo bila mgonjwa kutazama nondo kutwa nzima. Humo wasikae wagonjwa zaidi ya 250, alisisitiza, kwa sababu daktari anapaswa kumjua kila mmoja.

Huko Traverse City, Daktari James Decker Munson aliichukua imani hiyo kwa dhati hospitali ilipofunguliwa mwaka 1885. Aliamini uzuri wenyewe ni tiba. Alipanda miti, akajaza maua, na wagonjwa wakafanya kazi katika shamba la hospitali. Ng'ombe mmoja wa shamba hilo, Traverse Colantha Walker, alitoa zaidi ya kilo 90,000 za maziwa maishani mwake; alipokufa mwaka 1932 alizikwa na kuwekewa jiwe la kaburi.

Kilichoiharibu ndoto hiyo ni msongamano. Majimbo yalipeleka wazee, wenye kifafa, walevi na maskini wasio na pa kwenda, lakini fedha hazikuongezeka kwa kiwango hicho. Hospitali ya Weston, West Virginia, ilikusudiwa watu 250. Katika miaka ya 1950 ilikuwa na watu 2,400. Dari ya juu haimsaidii mtu anayelala sakafuni. Kisha dawa mpya zikaingia, sheria ya mwaka 1963 ikahimiza matibabu karibu na jamii, na majengo yakaanza kubaki matupu.

Mengi yalibomolewa. Danvers, Massachusetts, hospitali ya mwaka 1878 iliyosimama kilimani, ilivunjwa kuanzia mwaka 2006 kupisha fleti, na sehemu ya katikati ikaachiwa kuta za nje tu. Mwenye fleti hapo amepata sura bila kupata ramani. Lakini Danvers ina somo zito zaidi: makaburi yake yalikuwa na namba pekee. Watu waliowahi kutibiwa humo ndio waliopigania kuyatafuta majina ya waliozikwa na kuyaandika. Kazi hiyo ilistahili kufanywa na waliouza ardhi kabla mpangaji wa kwanza hajapewa ufunguo.

Buffalo, New York, ilichagua njia nyingine. Hospitali iliyochorwa na Henry Hobson Richardson, ikiwa na minara miwili pacha na bustani za Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, sehemu yake iligeuzwa hoteli mwaka 2017. Hoteli ikafungwa mwaka 2021, na mwaka 2023 ikafunguliwa tena na waendeshaji wengine.

Anayetaka kujijengea kwa mfano wa Kirkbride hahitaji minara wala mita 400. Nyumba ya kawaida yaweza kuwa na sebule katikati, vyumba vya kulala vikarudi nyuma hatua kadhaa kila upande, na kila korido ikaishia kwenye dirisha linalofunguka. Itamgharimu kuta na kona zaidi, na paa gumu kuezeka. Fundi atamwambia anyooshe ukuta mmoja apunguze gharama, na hapo ndipo mwenye nyumba atakapolazimika kushikilia ramani yake.