Bukari na Mboga Yake: Historia Fupi ya Mlo wa Lubumbashi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, mlo kamili hutajwa kwa maneno mawili: bukari na mboga. Bukari ni ugali wa mahindi, wa muhogo, au wa unga wa vyote viwili. Mboga ni kila kitu kiliwacho nayo, si majani tu bali hata samaki na nyama. Watu wanapolinganisha vyakula vya asili vya Kasai, Luapula na Kivu, wakiuliza kipi ni bora kwa afya na kipi ni nafuu, aghalabu hubishana juu ya unga. Historia ya mji huu yaelekeza macho kwenye mboga.

Kabla ya migodi, Walamba wa eneo hili walilima hasa mtama na ulezi. Kandokando ya Luapula watu waliishi kwa muhogo na samaki. Reli ya kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na magunia ya unga wa mahindi yakaja nayo kutoka Rhodesia. Kwa kampuni ya Union Minière, unga huo ulikuwa na sifa kubwa moja: ulisafirishwa, ukatunzwa na kupimwa kwa urahisi. Mtu wa Kasai na mtu wa Rwanda-Urundi, aliyekulia kwenye maharagwe na ndizi, walipokea posho ileile. Neno posho lenyewe lilitoka pwani pamoja na misafara. Katika Kilingala, mposo ni juma, yaani muda kati ya posho moja na nyingine.

Kwa afya, hakuna unga unaoshinda kila upande. Niasini iliyomo katika mahindi imefungika, na mwili hauipati kwa urahisi. Ndiyo maana wale wanaoishi kwa mahindi matupu hupatwa na pelagra. Muhogo una protini kidogo mno, na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaojulikana sana huko Kahemba. Ulezi una kalsiamu nyingi, lakini kazi ya kuulima ni nzito. Kinachosahihisha kasoro hizi ni karanga, sombe, maharagwe, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na finkubala, yaani viwavi wa misituni.

Vifo vilikuwa vingi katika kambi za mwanzo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipoanza siasa ya kuwakalisha wafanyakazi mjini pamoja na wake zao, siasa iliyohusishwa sana na daktari Léopold Mottoulle, lishe ikawa hesabu ya kazi. Haikuwa huruma tupu. Hata hivyo, kuja kwa wanawake kulibadilisha chungu kuliko amri yoyote ya daktari, kwani wao ndio waliotwanga sombe, wakasaga karanga na kuhifadhi ujuzi wa majani ya kwao.

Samaki wana historia yao. Wafanyabiashara Wagiriki wa Kasenga waliulisha mji kwa samaki wa Luapula, hasa pumbu, mpaka samaki huyo alipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1940. Baadaye chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, akawa samaki wa wanyonge.

Unafuu wa mahindi nao haukuwa sifa ya mmea. Kampuni ndiyo iliyolipa gharama, na Gécamines ikaendelea kugawa unga. Uzalishaji wake wa shaba ulishuka kutoka zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya tani 50,000 mwaka 1994, na gunia likawa mzigo wa familia. Tangu hapo bei huamuliwa kwa sehemu kubwa na mvua za Zambia: ukame wa mwaka 2024 ulihisiwa upesi katika masoko ya Lubumbashi.

Uchunguzi wa kaya uliofanywa mjini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta nyumba nyingi zikila mara moja kwa siku. Unga ukipanda bei, mama hununua unga kwanza, kwa kuwa bila bukari hakuna aliyekula. Sombe hupikwa bila karanga, finkubala huachiwa wenye fedha, na chisense wachache hugawiwa watu wengi.